Barua Isiyofika Wala Kurudi

Maneno yaliyokuwa yanazunguka ni haya: mlezi wa bweni aliiona ile barua pepe, akaisoma mpaka mwisho, akacheka, akaifuta.

Mama Pekua aliyasikia kwanza saluni, kichwa kikiwa ndani ya mashine ya kukausha nywele. Akayasikia tena kwenye foleni ya benki. Jioni ile ile dada yake akampigia simu na kumsimulia kama vile yeye mwenyewe alikuwepo. Habari ya kufuta aliielewa, maana watu wanafuta barua kila siku. Kilichomkaa kooni ni kile kicheko. Mtu akicheka peke yake chumbani, nani amemwona?

Asubuhi yake alikwenda shuleni. Bodi ya shule ndiyo iliyompa kazi hiyo. Alikuwa polisi mpelelezi hadi alipostaafu, na jina la Mama Pekua alilipata huko kazini kwa sababu hakuacha droo bila kuifungua. Safari hii alitakiwa ajue jambo moja: je, mlezi wa bweni alipuuza onyo la mzazi? Kikao cha bodi kilikuwa alasiri ya siku hiyo. Mlezi akionekana ana hatia angefukuzwa, na jalada lake lingekwenda polisi.

Kisa kilikuwa hivi. Binti mmoja wa bwenini aliugua. Daktari anayepitia shuleni aliuliza kama mtoto ana dawa yoyote inayomdhuru, na mlezi akajibu hapana. Mtoto akapewa vidonge vyenye salfa. Midomo ikavimba, macho yakawa mekundu, ngozi ya kifuani ikaanza kubabuka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Sasa amelazwa, anakunywa maziwa kwa mrija. Na mama yake alikuwa ameiandikia shule kabla ya muhula kuanza: mwanangu asipewe salfa kwa hali yoyote.

Mlezi alikuwa amekaa kwenye chumba cha huduma ya kwanza, mikono mapajani. Alikuwa amenyang'anywa funguo, na kamba aliyozoea kuzivaa ilikuwa bado shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uliisoma barua ya yule mzazi?"

"Sikuiona."

"Ulicheka?"

"Nicheke nini, mama? Barua yenyewe sikuiona."

"Lakini daktari alipokuuliza, ulisema hapana."

"Nilisema." Alionyesha kompyuta ya mezani kwa kidole. "Nilifungua kompyuta hii mbele yake. Nikamtafuta mtoto kwa jina lake, nikamtafuta kwa jina la mama yake. Hakukuwa na kitu. Ndipo nikasema hapana. Kama ni kosa, kosa langu ni hilo neno. Lakini kucheka, hapana. Hilo waniondolee tu."

Mama Pekua alivuta kiti mbele ya kompyuta. Anwani ya barua pepe ya mlezi ilianza na neno "mlezi", kisha jina la shule. Alikwenda moja kwa moja kwenye sehemu ya zilizofutwa. Zilikuwemo zote tangu mwaka juzi. Matangazo ya magodoro, ya vyandarua, ya mtu anayeuza ndoo kwa jumla.

"Hizi hujawahi kuzimwaga?"

"Kumwaga vipi? Si nimeshazifuta?"

"Umezifuta, lakini bado zipo."

"Zipo wapi tena?" mlezi aliuliza, akainama kutazama.

Mama Pekua alimtazama usoni, kisha akatazama kioo cha kompyuta. Mtu ambaye hajui kuondoa tangazo la ndoo hawezi kuifuta barua moja tu isiache hata unyayo. Chini ya kibodi kulikuwa na karatasi imebandikwa, ina neno la siri kwa herufi kubwa.

"Nani mwingine analijua?"

"Bi Karani wa mapokezi. Ndiye aliyeniandikia."

Mapokezi kulikuwa na kaunta ndefu, kengele ya mezani na karani mwenye miwani ya kamba. Nyuma yake, kwenye rafu, mashine ya barua pepe ya shule ilikuwa inawaka taa ndogo ya kijani. Ilikuwa na stika ya kampuni ya mafundi, na anwani ya kuomba msaada. Mama Pekua aliinakili anwani ile, ndipo akageuka.

"Bi Karani, nani alimwona mlezi akicheka?"

"Watu wanasema."

"Watu gani? Nitajie mmoja mwenye miguu."

"Dereva."

"Nimempitia. Anasema amesikia kwa mhasibu, na mhasibu anasema amesikia kwako."

Karani alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mimi nilisema labda. Labda alisoma akacheka, nani ajuaye? Labda si kusema, mama."

"Uliipeleka labda yako sokoni ikarudi imevaa suti," Mama Pekua alisema. "Mtoto wa watu yuko kule chumbani amenyang'anywa funguo kwa ajili ya labda. Haya. Kompyuta yake uliwahi kuifungua?"

"Kwa kazi gani? Yangu mwenyewe inanitosha. Ingawa siku hizi afadhali, maana kapu limekuwa tupu."

"Kapu gani?"

Karani alifurahi kupata swali jepesi. Alieleza kwamba barua yoyote ikija shuleni na anwani isiyo na mwenyewe, mathalani ya mwalimu aliyehama au jina lililokosewa herufi, ilikuwa inaangukia kwenye sanduku moja la pamoja. Wao waliliita kapu. Kila asubuhi yeye alilifungua, akatupa matangazo, na zilizobaki akazigawa kwa wenyewe.

"Ilikuwa kero. Lakini tangu tumefungua shule, kapu jeupe kabisa. Nimepumzika, namshukuru Mungu."

"Watu wameacha kukosea anwani? Wote? Kwa siku moja?"

"Labda wamepata akili."

"Umerudi tena kwenye labda," alisema Mama Pekua, akatoka nje.

Mama wa mtoto alikuwa anashuka kwenye teksi mbele ya geti, amekumbatia mfuko wa nguo chafu za hospitali. Hakusalimia.

"Wewe ndiye uliyetumwa kumwosha yule mwanamke?"

"Nimetumwa kuuliza. Naomba nione barua yako, dada."

Mama wa mtoto alitoa simu kama anayetoa kisu. Barua ilikuwemo. Chini yake kulikuwa na alama ya kwamba imetumwa. "Niliisoma kwa sauti mara mbili kabla ya kubonyeza. Nikamwita na mume wangu aisikie. Sasa naambiwa haikuonekana. Haikuonekana na nani? Mwanangu anaonekana, nenda ukamwone."

"Anwani uliitoa wapi?"

"Hapo nyuma yako."

Mama Pekua aligeuka. Ubao wa geti ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeupe: jina la shule, namba ya simu, na chini yake anwani ya mambo ya afya ya wanafunzi. Ilianza na neno "afya". Aliilinganisha na ya kwenye simu, herufi kwa herufi. Mzazi hakukosea hata nukta. Lakini ya mlezi, kule chumbani, ilianza na neno "mlezi".

Mwalimu mkuu alikuwa anakuja kwa haraka, amesikia sauti. Mama Pekua alimnyooshea kidole ubaoni.

"Mwalimu, hii anwani ni ya nani?"

"Ilikuwa ya nesi wetu wa zamani. Alipoondoka tukaifunga."

"Mkaacha ubao?"

"Barua zilikuwa zinafika, mama. Zinaangukia kwenye kapu, Bi Karani anampelekea mlezi. Hatukuona haja ya kununua rangi." Akamgeukia mama wa mtoto, akashusha sauti kistaarabu. "Na hata kama kapu lingekuwa na kasoro, barua ikikosa pa kwenda humrudia mtumaji na maelezo. Wewe hukurudishiwa kitu. Kwa hiyo, kwa heshima zote, labda hukuituma."

"Ati nini?"

"Nasema labda."

"Shule hii mna labda nyingi kuliko madawati," alisema Mama Pekua. "Ngojeni."

Alisimama pale pale chini ya ubao, akaandika kwenye simu yake maneno mawili, "Je, mmenipata?", akayatuma kwa anwani ya ubaoni. Akayatuma tena kwa jina la kubuni tu, "bakuli", kwenye anwani ya shule. Ya tatu akaituma kwa mlezi. Kisha wote wakaenda ndani, mama wa mtoto akiwa mbele.

Ya mlezi ilikuwa imeshafika. Kapu la Bi Karani lilikuwa jeupe. Wakasubiri. Bi Karani akawaletea maji ya kunywa, hakuna aliyeyagusa. Mama Pekua alifungua simu yake tena na tena. Hakuna kilichorudi.

"Mbili hazikufika wala hazikurudi," alisema. "Na simu yangu inaniambia zote zimetumwa, sawa na ya huyu dada. Mwalimu, kuna mtu ameigusa mashine hii karibuni?"

Mwalimu mkuu alikuwa anaitazama rafu. "Mafundi. Wakati wa likizo. Waliweka toleo jipya la programu ya barua pepe."

Ofisi ya mafundi ilikuwa ghorofa ya juu ya duka la viti. Ngazi zilikuwa nyembamba, na ndani kulikuwa na baridi ya kiyoyozi na harufu ya plastiki mpya. Fundi aliyehusika na programu ya barua pepe alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na kikombe kilichoandikwa "Bosi". Alimpa kiti kwa adabu.

"Mama, sisi hatukuondoa kitu. Tuliongeza tu chaguo."

"Nieleze kama unavyomweleza shangazi yako."

"Zamani, barua isiyo na mwenyewe ilikuwa na njia moja tu: kapuni. Sasa mteja anaweza kuchagua. Iende kapuni, au irudi kwa mtumaji, au itupwe kimya kimya. Machaguo matatu badala ya moja. Ni maendeleo."

"Mtu anachaguaje?"

"Kuna faili la mipangilio kwenye mashine. Unaandika mstari mmoja, mashine inakusikiliza."

"Shule iliandika?"

Fundi alifungua faili la shule kwenye kioo chake, akateremka mpaka mwisho. "Hapana. Hili ni faili lao la zamani, wakati huo mstari huo haukuwepo duniani."

"Na asiyeandika anapata lipi?"

"Anapata chaguo-msingi. Yaani lile ambalo mashine inalishika yenyewe usipoiambia kitu."

"Ambalo ni lipi?"

Alikunywa kilichokuwa kikombeni. "Kutupa."

Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Mama Pekua aliweka mkoba wake sakafuni.

"Nani aliamua?"

"Mimi. Tuna mteja mmoja mkubwa, barua taka zilikuwa zinamjaa mpaka analia. Nikaona kama kutupa kunamfaa yeye, kunawafaa wote. Anayetaka ya zamani ipo pale pale, haijaenda popote."

"Aliambiwa nani?"

"Imo kwenye maelezo ya toleo. Kwenye tovuti yetu, chini kabisa."

"Sikiliza, babangu. Kuna duka nanunua tangu nimeolewa. Nikiingia nasema nipe kama kawaida, napewa chumvi. Leo naingia, nasema nipe kama kawaida, unanifungia sumu ya panya. Nikirudi na maiti unaniambia, mama, chumvi ipo, ungeitaja tu. Ndicho ulichofanya."

"Mama, hapo unakuza. Hii ni barua pepe."

"Mtoto aliyebabuka ngozi hajakuzwa na mtu. Shule ilikaa kimya kwa sababu ilichokuwa nacho kiliitosha. Wewe ukachukua ukimya wao ukaufanya saini yao."

"Lakini hakuna mteja aliyelalamika," fundi alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Hata mmoja. Miezi yote hii. Kungekuwa na tatizo tungesikia."

Mama Pekua alitoa simu. Alitafuta alichokinakili kwenye stika ya rafu kule mapokezi, akaandika, akatuma.

"Nimekuletea lalamiko. Angalia."

Fundi alitazama kioo. Alibonyeza, akabonyeza tena. "Umetuma wapi?"

"Kwenye anwani yenu ya msaada. Iko kwenye stika yenu, kwenye mashine yenu."

"Ah, ile tuliifunga. Sasa tuna nyingine." Mkono wake ulikuwa bado juu ya kibodi. "Stika ni za zamani."

"Na zamani, lalamiko likija kwenye anwani mliyoifunga lilikuwa linaangukia wapi?"

"Kapuni. Kila mmoja wetu analiona."

"Na sasa ofisi yenu inatumia programu ya nani?"

Fundi aliinuka, akaenda dirishani, akarudi, akafungua faili la mipangilio la ofisi yake mwenyewe. Aliteremka nalo mpaka mwisho, polepole. Ule mstari haukuwemo. Alikaa kwa uzito mpaka kiti kikalia.

"Kila mwenye stika," alisema.

"Kila mwenye stika. Wamekulalamikia, na wewe umewatupa. Halafu unaniambia kumenyamaza."

Fundi alisugua ndevu zake kwa viganja vyote viwili. "Nitalirudisha chaguo-msingi lilipokuwa. Ila, mama, kuna jambo. Wapo wateja waliokuja baada ya toleo jipya. Hao wamelikuta linatupa, na wanajua linatupa. Nikigeuza ghafla, nao nitawafanyia kile kile."

"Sasa umeanza kusema kama mtu. Utawajuaje?"

"Faili zao zina mstari wa juu unaotaja zilitengenezwa na toleo lipi. Za zamani hazina."

"Basi?"

Alikuwa ameshaanza kuandika, anasema huku anabonyeza. Faili lisilo na ule mstari wa juu ni la zamani, basi lipate kapu kama lilivyozoea, na mashine imwandikie mwenye kuisimamia kwamba kuna chaguo jipya, hajalichagua, na hakuna kilichobadilika. Lenye mstari wa juu libaki lilivyo. Aliyeandika chaguo lake mwenyewe apewe aliloandika.

"Na aliyeandika kitu kisichoeleweka?" aliuliza Mama Pekua. "Amekosea herufi?"

"Sasa hivi inalichukulia kama hakuandika."

"Yaani inakisia."

Fundi aliongeza mistari mingine. "Itakataa kuwaka. Itasema imekwama wapi."

"Ni kazi kubwa?"

"Hapana. Mistari michache. Kuijaribu ndiko kutakakochukua muda kidogo, ila jioni hii kila mteja ataipata. Pamoja na barua, kwa anwani inayofika."

"Mistari michache," Mama Pekua alirudia, akachukua mkoba wake. "Zile barua zilizotupwa zinapatikana?"

"Hapana, mama. Hazikuwekwa popote."

"Vaa koti. Hilo utawaambia wenyewe."

Kikao kilikuwa kwenye maktaba, meza zimeunganishwa. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaandaa maneno. Alisimama akasoma kwamba uchunguzi umebaini hitilafu ya kimtandao ambayo haikuwa ya mtu yeyote.

"Si hitilafu," Mama Pekua alisema bila kusimama. "Hitilafu haina baba wala mama. Hii ina mwenyewe, na nimekuja naye. Na kipande kingine ni chako, Mwalimu, kiko getini kwa rangi nyeupe. Na kingine ni cha Bi Karani, aliyeona kapu tupu akamshukuru Mungu badala ya kuuliza."

Bi Karani aliinamisha kichwa. Fundi alisimama. Alieleza yote kama alivyoyaeleza ofisini, ila safari hii hakutumia neno maendeleo. Alisema aliamua kwa niaba ya watu ambao hakuwauliza. Alisema barua ya mama wa mtoto ilifika kwenye mashine ya shule, salama, na mashine ikaitupa kama alivyoiagiza yeye. Mlezi hakuwa na namna ya kuiona.

Mama wa mtoto alimsikiliza mpaka mwisho. Kila mtu alitegemea amrukie fundi. Badala yake alimgeukia mlezi, aliyekuwa amekaa peke yake karibu na mlango.

"Ulimtafuta kwa jina lake?"

"Kwa jina lake. Halafu kwa jina lako."

"Ukayaandika vizuri?"

"Niliyaandika vizuri, dada. Daktari alikuwepo."

Mama wa mtoto aliinua mfuko wa nguo za hospitali kutoka kwenye kiti cha pembeni yake, akauweka chini. "Njoo ukae huku."

Mlezi akaja. Mwalimu mkuu alisukuma funguo juu ya meza mpaka mbele yake. Mlezi alizitazama, hakuzigusa.

"Kwanza ule ubao," alisema. "Nitazichukua rangi ikishakauka."

Mwalimu mkuu akatoka mwenyewe kwenda kutafuta brashi.

Ukurasa wa mwisho wa ripoti ya Mama Pekua haukuwa na maneno ya kisheria. Uliandikwa hivi:

Mambo ya kuepuka.

Usiache anwani iliyofungwa ukutani eti kwa sababu barua bado zinafika.

Usifurahie kapu tupu kabla hujauliza kwa nini ni tupu.

Usidhani "imetumwa" maana yake imesomwa. Kama ni habari ya dawa ya mtoto, piga simu, na usikate mpaka mtu arudie ulichosema.

Wewe fundi, usiongeze chaguo jipya ukamchagulia aliyenyamaza. Mwache na alichokuwa nacho jana. Na mashine isikisie. Ikishindwa kuelewa, iseme.

Usitupe barua ya mtu bila kumpa habari.

Usifiche badiliko chini ya ukurasa ambao hata wewe huusomi.

Usiseme hakuna aliyelalamika kabla hujajua malalamiko yanaangukia wapi.

Usiseme mtu alicheka kama hukumwona.